‘Mapato dhidi ya matumizi’: Yamekosana lini?

Juzi nilikumbana na jedwali la bajeti lenye kichwa hiki: ‘Mapato dhidi ya matumizi’. Jamani, mapato na matumizi yamekosana lini? Bila shaka mwandishi hakukusudia ugomvi. Alikuwa na ‘vs’ akilini, akaitafutia Kiswahili chake, na neno lililomjia upesi likawa ‘dhidi ya’.

Kifupisho ‘vs’ ni cha neno la Kilatini ‘versus’. Tulifuate kwao kabla ya kutoa hukumu.

Neno hilo linatokana na kitenzi ‘vertere’, yaani kugeuza. Kwa Warumi, ‘versus’ lilionyesha upande ambao mtu ameelekea. ‘Romam versus’ ni ‘kuelekea Roma’; nomino ilitangulia, kihusishi kikafuata. Hakuna vita hapo. Lugha zilizozaliwa na Kilatini zimeihifadhi maana hiyo: Mfaransa husema ‘vers Paris’, Mwitaliano ‘verso Roma’. Mfaransa ana pia ‘envers’, ambalo hulitumia kwa mwelekeo wa moyo, kwa mfano anapotaja heshima kwa wazazi.

Kama nomino, ‘versus’ lilikuwa mfuo wa jembe la kukokotwa, ambalo hugeuzwa lifikapo mwisho wa shamba. Likawa pia mstari wa shairi. Ndiyo maana ‘verso’ la Kiitaliano ni ‘kuelekea’ na vilevile ‘mshororo’.

Basi upinzani uliingilia wapi? Mrumi aliyetaka kusema ‘dhidi ya’ alikuwa na ‘contra’, au ‘adversus’ lililobeba maana zote mbili: kuelekea na kupinga. Ni Kilatini cha mahakama za Uingereza za Enzi za Kati kilicholiweka ‘versus’ kati ya mdai na mdaiwa. Kutoka kortini likahamia viwanjani, kisha kwenye majedwali. Hata Wahispania walilipokea kwa maana hiyo kupitia Kiingereza. Akademia yao hailikatai, ila huwashauri watumie ‘contra’ au ‘frente a’.

Mabadiliko hayo yasitushangaze. Sisi tunalo ‘kabili’, lenye asili ya Kiarabu. Nyumba hukabili bahari bila chuki yoyote, lakini majeshi yakikabiliana, damu humwagika. Mzizi huohuo wa Kiarabu ndio uliotupa ‘kibla’, upande anaoelekea Mwislamu anaposwali. Anayekuelekea uso kwa uso huenda anakuja kukuamkua, huenda anakuja kukupiga ngumi.

Wapo wanaodai eti kwa kuwa asili ya ‘versus’ ni ‘kuelekea’, kuliandika kati ya timu mbili ni kosa. Sikubaliani nao. Asili ya neno hutueleza lilikotoka. Haiwezi kulizuia linakokwenda. Tukishikilia asili, sehemu kubwa ya msamiati wetu itabidi irudi Uarabuni!

Hoja yangu ni tofauti. ‘Vs’ ya leo ina kazi mbili: kupambanisha na kulinganisha. ‘Dhidi ya’ ina moja tu. Imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kinyume au mpinzani, na hadi leo inadai maadui wawili. ‘Jamhuri dhidi ya’ mshtakiwa ni sawa. ‘Chanjo dhidi ya polio’ ni sawa pia. Hata kwenye soka haina ubaya, ingawa ‘mechi kati ya’ timu hizi na hizi yatosha.

Penye ulinganishi, tuseme ulinganishi: ‘Mapato yakilinganishwa na matumizi’, au kwa ufupi, ‘Mapato na matumizi’. Penye chaguo, tuulize: ‘Shule ya kutwa au ya bweni?’ Anayeandika ‘Shule za kutwa dhidi ya za bweni’ amezigombanisha shule kabla mzazi hajaamua ampeleke mwanawe wapi.

Mfasiri hafasiri kifupisho. Hufasiri anachokusudia mwandishi, na ‘vs’ peke yake haimwambii.