Sifa ya Mkono Unaofungua Sanduku

Pikipiki haiingii Butembo, mashariki mwa Congo, ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Huingia imelala ndani ya sanduku la vyuma vyembamba lililozungushiwa karatasi ngumu. Injini imekwisha kupachikwa kwenye fremu, lakini gurudumu la mbele limefungwa pembeni, usukani umelazwa juu ya tangi, vioo vimeviringishiwa plastiki, na nati, bolti na washa zimejazwa kwenye vifuko vidogo. Imevuka bahari kutoka India au China, imeshuka Mombasa, imepanda lori kupitia Nairobi, Kampala na Kasese, imevuka mpaka wa Mpondwe ikaingia Kasindi, kisha Beni, kisha kilomita 54 za mwisho hadi Butembo. Njia ya nchi kavu peke yake ni zaidi ya kilomita 1,600. Na baada ya mwendo wote huo, bado huwezi kuipanda. Anayeifanya iwe pikipiki ni fundi aliyeketi kwenye kigoda mbele ya karakana, mikono imejaa grisi, na insha hii ni ya kumsifu yeye.

Ulimwenguni kuna masanduku mengine ya namna hii, ya watu wanaounda kwa kujifurahisha. Airfix ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939, ilitoa trekta dogo la plastiki aina ya Ferguson mwaka 1949, na miaka michache baadaye meli na ndege za kivita za kuunganishwa nyumbani kwa gundi. Huko Shizuoka, Japani, Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, kisha ikaja kupata jina kwa vifaru na magari madogo ya plastiki. Wapenzi wa kazi hiyo hununua mengi kuliko wanayoyaunda. Masanduku hupangwa rafuni, na ambalo halijaguswa huuzwa ghali kuliko lililofunguliwa. Mwenyewe akizeeka, humwuzia mwingine, naye huyapanga kwenye rafu yake. Soko la namna hiyo husimama juu ya jambo moja: kwamba yupo mtu, mahali fulani, atakayelifungua sanduku na kuunda kilichomo. Huyo akikosekana, bei yote iliyoandikwa juu yake haina maana.

Butembo nayo inalijua soko la masanduku yasiyofunguliwa, ila hapa kilichomo ndani ni riziki. Wafanyabiashara wa mji huu, wa kabila la Wanande, wamejenga kwa miongo mingi njia zao wenyewe hadi Dubai, Guangzhou, Hong Kong na Jakarta. Walianza na mboga, kahawa na dhahabu, wakawa wanarudi na vitambaa, vyombo, vipuri na pikipiki. Mtafiti Timothy Raeymaekers aliandika juu yao kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 2014, akieleza jinsi watu hawa walivyoendesha uchumi wa mji wao wakati serikali ilikuwa mbali na vita viko mlangoni. Katika biashara hiyo sanduku la pikipiki limekuwa akiba. Mwenye duka dogo akipata fedha hununua sanduku moja kwa mwagizaji, huliweka nyuma ya duka, na siku ya ada za shule au ya msiba humwuzia mwenzake wa Beni, Oicha au Mangurujipa, bado limefungwa vilevile. Huweza kupita mikononi mwa watu watatu kabla kisu hakijagusa kamba yake.

Lakini siku ya kisu hufika, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Fundi anayejua kazi hafungui kwa pupa. Kwanza husoma namba ya injini na namba ya fremu, akazilinganisha na zile za kwenye karatasi, maana zikihitilafiana mnunuzi atasumbuliwa barabarani maisha yote ya chombo hicho. Kisha hutandika turubai na kuvipanga vipande kwa mpangilio wa kuvifunga: gurudumu la mbele na ekseli yake, madigadi, usukani, taa, vioo, betri, vikanyagio, kinga ya mnyororo. Kila kifuko cha nati hukaa kando ya kipande chake. Kijana anayejifunza huchuchumaa pembeni na kupokeza spana. Karakana nzuri zote zina sheria moja, kwamba mwisho wa kazi turubai liwe tupu.

“Fundi, hii nati ya wapi?” kijana huuliza, ameishika kwa vidole viwili.

“Irudishe kwao.”

Haambiwi zaidi ya hayo. Kijana atazunguka pikipiki nzima, ataingiza kidole kila tundu, mpaka apate bolti isiyo na mwenzake. Siku hiyo hujifunza mengi kuliko angeyasoma kwenye kijitabu cha maelekezo, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwa lugha asiyoijua.

Betri ina adabu yake. Kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu huja kavu, na tindikali iko kwenye chupa ya pembeni. Fundi huijaza polepole, chumba baada ya chumba, mpaka ifike kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni. Huiacha itulie, kwa kuwa kioevu hushuka kadiri bamba zinavyokinywa, kisha huongeza kidogo na kuipa chaji ya taratibu. Upande mmoja wa betri kuna kifuniko kidogo kinachoziba tundu la kupumulia, na lazima king’olewe na mahali pake uvishwe mpira wa kupitishia hewa. Asiyejua hukiacha, na baada ya siku chache betri huvimba na mwenye pikipiki humlaani Mchina au Mhindi ambaye hana kosa. Mwenye haraka huifunga betri papo hapo, injini ikawaka, mteja akaondoka anacheka. Itakufa kabla ya mwaka. Ukitaka kupima uaminifu wa fundi, angalia anavyoishughulikia betri, kwa sababu ubaya wake hauonekani siku ya kulipwa.

Kisha gurudumu. Hata linapotoka kiwandani likiwa tayari limefungwa, fundi mzuri hulining’iniza kwenye ekseli, akalizungusha, akaweka ncha ya bisibisi karibu na ukingo wa rimu ili aone kama linayumba. Baada ya hapo huligonga. Hupita kwenye spoki moja baada ya nyingine, kwa kawaida 36, akizigusa kwa spana ndogo na kusikiliza. Spoki iliyokazwa hulia kwa sauti kali na safi, na iliyolegea hutoa sauti nzito iliyopooza. Yeye hukaza robo mzunguko hapa, hulegeza kidogo kule, hugonga tena, mpaka duara zima lilie sauti moja. Nimewaona mafundi wakifanya kazi hiyo macho yamefumbwa, katikati ya kelele za soko, jenereta za jirani na honi za motari wa pikipiki za abiria, na hawapotezi hesabu ya spoki hata moja. Huo ni ufundi wa sikio, na haupatikani kwa kununua chombo chochote.

Yanayobaki ni ya subira. Injini hupewa oili kabla ya mguu wowote kugusa kiki, kwa kuwa huenda ilisafirishwa ikiwa kavu. Mnyororo huvutwa kwa kidole katikati ya sehemu yake ya chini, uchezecheze kama sentimita mbili au tatu, na alama za marekebisho za kulia na kushoto zisomeke sawa, la sivyo gurudumu la nyuma litakwenda upande. Kamba ya klachi huachiwa ulegevu mdogo. Kabureta nayo husikilizwa, kwani Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kilichopimwa kwenye joto la tambarare ya India hakifai huku bila kuguswa.

Hapo fundi amekwisha kuvuka mipaka ya kijitabu. Walioichora pikipiki hiyo waliwaza mtu mmoja au wawili na mfuko. Hawakuwaza samaki wa Kyavinyonge wanaopanda kutoka Ziwa Edward, kakao ya Mangina, viazi na kabichi za Lubero, mbao, madumu ya mafuta, mama na watoto wake wawili njiani kwenda hospitali. Fundi huyajua hayo yote. Huchomelea keria pana ya chuma, huweka vyuma vya kukinga miguu na injini, hubadilisha sproketi ya nyuma ikiwa mteja ni wa milimani, huongeza nguvu kwenye shokapu. Pikipiki inayotoka mbele ya karakana yake imepata mwundaji wa pili, ambaye jina lake halimo kwenye karatasi yoyote.

Ufundi huu una wazee wake. Kabla pikipiki hazijajaa, Kivu Kaskazini ilikuwa imekwisha kujiundia chombo: chukudu, ile skuta ya mbao iliyoenea tangu miaka ya 1970, yenye magurudumu yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, inayoteremsha mlimani mzigo wa mamia ya kilo. Goma iliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji mwaka 2009, na ilistahili. Chukudu haina sanduku wala kijitabu. Seremala huitazama miti, huchagua uliopinda kwa umbo la uma, hupima kwa mkono na kukata. Watoto wa vijiji vyetu huunda zao ndogo kwa vipande vya mbao na beringi zilizotupwa, wakashuka nazo mteremkoni wakipiga kelele. Mtoto aliyeunda chukudu akiwa na miaka tisa, akipewa sanduku la pikipiki akiwa na kumi na tisa, haogopi. Ameshajua kwamba chombo hukubali kikisikilizwa.

Leo masanduku yamepungua mwendo. Sababu zake zinajulikana na kila mtu wa Beni. Mauaji ya raia yanayofanywa na waasi wa ADF yamewaandama watu wa eneo hili tangu Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na haikutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua zaidi ya watu 2,200. Mei 2021 ikaja hali ya dharura na utawala wa kijeshi. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 walichukua Kanyabayonga, na Januari 2025 wakachukua Goma, hivyo Butembo ikakatiwa soko lake la kusini. Kweli Congo ilitia saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na kweli kazi ya barabara ya Kasindi hadi Beni na Butembo ilizinduliwa mwaka 2021. Lakini kijana anayetaka pikipiki ili awe motari huuliza jambo moja kwanza: nitakwenda nayo wapi? Njia ya Mangurujipa ina hofu, njia ya Mambasa ina hofu, na wenzake wamechomewa pikipiki zao porini, wengine wameuawa pamoja na abiria wao. Basi hanunui. Na mwenye sanduku nyuma ya duka anangoja.

Sanduku linalongoja sana huharibika kimyakimya. Raba hukauka, rimu hushika kutu kwenye unyevu wetu, mipira ya mafuta hupasuka, na akiba ya mtu hupungua thamani bila yeye kuona. Hasara hiyo ni chungu, na sitaki kuipuuza, maana ndani yake kuna ada za watoto. Hata hivyo inaweza kufidiwa. Amani ikirudi, meli zitashusha masanduku mengine Mombasa, na baada ya wiki chache yatakuwa Kasindi.

Asiyefidiwa upesi ni kijana aliyekuwa akichuchumaa kando ya turubai. Karakana isiyo na sanduku la kufungua haina cha kumfundishia mwanafunzi. Matengenezo ya pikipiki zilizotumika humfunza kubahatisha, kuunga na kufunga kwa waya, na hayo nayo ni maarifa, lakini pikipiki inayounganishwa tangu bolti ya kwanza ndiyo inayomwonyesha jinsi kila kitu kinavyopaswa kuwa kikiwa sawasawa. Asiyewahi kuona usawa huo atajuaje kilichopinda? Sikio linalopambanua spoki huchukua miaka kulelewa, na hulelewa na mtu kwa mtu tu. Wakizeeka waliopo, na vijana wakiondoka kwenda machimboni au kushika bunduki, tutakuja kuwa na masanduku mengi na hatuna wa kuyafungua.

Kwa hiyo nina neno kwa wenye maduka wa Butembo na Beni. Msiyaache masanduku yote yaoze mkisubiri bei. Fungueni machache hata soko likiwa limelala, mpeni fundi, na mmwambie aje na kijana wake. Malipo ya kazi hiyo ni madogo ukilinganisha na bei ya chombo, na kile anachobaki nacho kijana ni mtaji wa mji mzima. Wazazi, mtoto akiwaambia anataka karakana, msimwone ameshindwa shule. Na wewe utakayenunua pikipiki mpya, uliza jina la fundi aliyeiunganisha, ulijue kama unavyojua chapa iliyoandikwa tangini, na umlipe haki yake kabla hujawasha injini.