Nyangumi kwa Juu: Jamani, Lazima Umwone!

Jamani, jamani! Nimeshuka botini Watamu sasa hivi, nywele zimejaa chumvi, mikono bado inatetemeka, na sitatulia mpaka nikueleze. Nimeona nyangumi akipimwa afya! Hakuguswa, hakuchomwa sindano, hakusumbuliwa hata chembe. Kidroni tu, kidogo, chepesi, kinavuma huko juu, na sisi tumebanana kwenye skrini, roho mkononi.

Mara akaibuka. Mama wee! Mkubwa, mweusi, anang'aa, mrefu kuipita boti yetu, na ubavuni ndama wake amemganda! Ukiwa chini unaambulia kipande cha mgongo na mkia, basi. Kwa juu unampata mzimamzima, na siri zote ziko hapo. Mtafiti anasimamisha picha, anapima urefu, anapima upana wa kiwiliwili, na kwa kuwa droni inajua imepaa kiasi gani, picha inageuka kuwa mita halisi. Aliyeshiba amejaa pande zote, mgongo kama mtumbwi uliopinduliwa. Aliyekonda amebonyea nyuma ya kichwa. Unaona kwa macho yako mwenyewe, wala huhitaji shahada!

Na bado! Hawa nyangumi wenye nundu wanatoka bahari za Antaktika, wanafika kwetu msimu wa kusi, Julai hadi Oktoba hivi, kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Na huku karibu hawali kabisa! Chakula chao, krili, kimebaki kule kwenye barafu. Yule mama ananyonyesha kwa akiba ya mafuta ya mwili wake: yeye anapungua, mtoto ananenepa. Huko Exmouth Gulf, Australia, watafiti waliwapima nyangumi wenye nundu kwa droni na kuchapisha matokeo 2016: mama aliyenona, ndama naye amenona. Nilipomtazama yule mdogo, mnene, laini, anapinduka tumbo juu, nikawaza kila kilo yake imetoka kwa mama, machozi yakanitoka kabisa.

Na bado! Pumzi yake! Kuna droni zinazopita katikati ya ule ukungu anaoupuliza, kisha zinarudi na matone kwenye visahani. Shirika la Ocean Alliance la Marekani wanafanya hivyo, na ndani ya matone wanapata DNA, homoni, bakteria. Sisi upepo ulitupulizia ukungu wenyewe usoni. Vuguvugu, unanata, na shombo! Shombo kali, nzito, ya ajabu, nami nacheka kama niliyepakwa marashi.

Wallahi haya si mapambo. Viumbe hawa waliwindwa nusura waishe, mpaka ilipopigwa marufuku kuwawinda kibiashara miaka ya 1960. Sasa wanarudi, na miili yao inatuletea habari: mwaka wakija wengi wamekonda, unajua huko kusini chakula kimeadimika, na hata hujakanyaga barafu!

Kwa hiyo twende, rafiki yangu! Tafuta nahodha mstaarabu, anayepunguza mwendo na kukaa mbali nao, vaa koti maana bahari ya kusi haina mchezo, na ukimkuta mtafiti mwenye skrini, mng'ang'anie. Na wanavyoruka je? Mwili mzima juu, halafu pwaa! Na wanavyoimba chini ya maji! Hayo hata sijaanza kukusimulia. Njoo kesho alfajiri, nakuwekea nafasi.