Magnetiti kama Kipimo cha Haidrojeni: Uhakiki wa Mlinganyo wa Ugeukaji wa Peridotiti kuwa Serpentini katika Sakafu ya Bahari

1.0 Hoja Inayohakikiwa

Katika maandishi mengi ya jiokemia ya bahari, ugeukaji wa peridotiti ya koti la dunia kuwa serpentini hufupishwa kwa mlinganyo mmoja:

3Fe₂SiO₄ + 2H₂O → 2Fe₃O₄ + 3SiO₂ + 2H₂

Kwa mujibu wa mlinganyo huu, chuma kilichomo katika olivini huoksidishwa na maji, magnetiti hujengeka na haidrojeni hutolewa. Kwa hesabu ya atomi hauna dosari. Dosari imo katika namna unavyosomwa. Kwa kuwa kila moli ya magnetiti huandamana na moli moja ya haidrojeni, wingi wa magnetiti, ambao mara nyingi hukadiriwa kwa kupima usumaku wa mwamba, umechukuliwa kuwa kipimo cha haidrojeni iliyozalishwa. Suala hili lina uzito, kwani haidrojeni hiyo ndiyo chanzo cha nishati kwa vijidudu vinavyoishi bila kutegemea mwanga wa jua, na makadirio ya wingi wake hutegemea usahihi wa kipimo hicho.

2.0 Mahali Chuma Kinapokwenda

Udhaifu wa kwanza unahusu silika. Mlinganyo unaonyesha silika huru, ilhali olivini yenye magnesi nyingi inapokutana na maji huzaa serpentini na brusiti:

2Mg₂SiO₄ + 3H₂O → Mg₃Si₂O₅(OH)₄ + Mg(OH)₂

Frost na Beard (2007) walionyesha kuwa katika hali hiyo utendaji wa silika hushuka mno. Hivyo, silika huru ya mlinganyo haipo katika mwamba wenyewe. Brusiti iliyopo hupokea chuma cha +2, na chuma kinachohifadhiwa humo hakijaoksidishwa. Hakijatoa haidrojeni yoyote.

Ushahidi wa miamba unaunga mkono hoja hii. Katika sampuli zilizochimbwa mwaka 2003 karibu na nyuzi 15 Kaskazini kwenye Mgongo wa Kati wa Atlantiki, Bach na wenzake (2006) walikuta serpentini na brusiti yenye chuma kingi pasipo magnetiti katika sehemu zilizogeuka mwanzo. Magnetiti ilihusishwa na hatua ya baadaye, pale brusiti ilipokutana na kimiminika chenye silika zaidi. Kwa hiyo, magnetiti si zao la moja kwa moja la olivini kama mlinganyo unavyodai.

Udhaifu wa pili ni kwamba serpentini nayo hubeba chuma cha +3, hasa mwamba ukiwa haujageuka sana (Andreani na wenzake, 2013). Haidrojeni iliyotokana na chuma hicho haionekani kabisa katika kipimo cha usumaku. Kipimo kimoja, basi, hukosea pande mbili: anayedhani kuwa chuma chote huishia katika magnetiti hukadiria haidrojeni kupita kiasi, na anayehesabu magnetiti peke yake huiacha ile ya serpentini.

3.0 Ushahidi wa Vimiminika

Ulinganisho wa chemchemi mbili za Atlantiki unadhihirisha tatizo. Lost City, iliyogunduliwa mwaka 2000, hutoa maji ya nyuzi joto 40 hadi 91 za Selsiasi, yenye pH ya 9 hadi 11 na haidrojeni inayofikia takribani milimoli 15 kwa kilo. Rainbow hutoa maji ya nyuzi zipatazo 365, yenye pH ya karibu 2.8 na haidrojeni ya takribani milimoli 16 kwa kilo. Viwango vya haidrojeni vinakaribiana, lakini kemia iliyovizaa haifanani. Katika joto la Rainbow olivini hukaribia uthabiti wake, pairoksini huwa na nafasi kubwa zaidi, na chuma kingi hubaki kimeyeyuka majini. Aidha, hesabu za McCollom na Bach (2009) zinaweka kilele cha uzalishaji kati ya nyuzi 200 na 315. Chini ya nyuzi 150 brusiti hunasa sehemu kubwa ya chuma. Haidrojeni ya Lost City haiwezi kuelezwa kwa joto la maji yanapotokea. Mmenyuko wake lazima ulifanyika chini zaidi, penye joto kubwa kuliko hilo.

4.0 Mipaka ya Ukosoaji

Haitakuwa haki kuukosoa mlinganyo na kuiachia mifano ya thamodinamika ipite bila kuhojiwa. Mifano hiyo hudhani kuwa usawazo umefikiwa, ilhali olivini na pairoksini huyeyuka kwa kasi tofauti. Hata ushahidi wa miamba una pengo: brusiti huyeyuka inapokutana na maji ya bahari, hivyo sampuli zilizokaa muda mrefu juu ya sakafu huweza kuwa zimempoteza shahidi mkuu.

5.0 Hitimisho

Mlinganyo wa magnetiti unafaa kufundishia kanuni ya uoksidishaji, lakini haufai kuwa msingi wa makadirio. Makadirio yanayoaminika yanapaswa kutaja mgawanyo wa chuma kati ya magnetiti, brusiti na serpentini, hali ya chuma hicho, pamoja na joto na silika ya kimiminika. Pasipo hayo, tarakimu ya haidrojeni inaeleza usumaku wa mwamba tu, si historia ya mmenyuko wake.