Kupunguza Mwendo: Yaliyotendwa Rwanda na Yaliyosalia

Katika Bugeshi, tarafa ya Wilaya ya Rubavu inayopakana na Kongo kwenye kituo cha Kabuhanga, viazi mviringo vilivyostawi katika udongo wa volkano huteremshwa kwenda mji wa Gisenyi aghalabu juu ya baiskeli au juu ya kichwa cha mwanadamu. Na kadiri mchukuzi anavyoukaribia mji ndivyo anavyolazimika kushiriki njia moja na malori, mabasi na pikipiki zitokazo Musanze, kwa barabara ambayo hupanda kupita mita 2,000, kisha ikashuka hadi ufuko wa Ziwa Kivu ulio katika kimo cha mita 1,460. Katika nchi yenye miteremko kama hii, usalama wa barabarani ni kwanza suala la mwendo, na taratibu ambazo Rwanda imeliendea suala hilo zastahili kupimwa moja baada ya moja.

Nguvu ya mgongano huzidi kwa kipeo cha pili cha mwendo, hata gari liendalo kilomita 60 kwa saa likawa na nguvu mara mbili na robo ya lile liendalo 40. Tukimjalia dereva sekunde moja ya kutanabahi, kisha breki kamili juu ya lami kavu iliyo sawa, gari la kilomita 40 husimama baada ya mita 20 hivi, na la kilomita 60 baada ya mita 36. Kwa hiyo mtoto akikatiza njia mita 20 mbele, dereva wa kwanza husimama miguuni pake, ilhali wa pili humpiga akiwa bado katika mwendo wa takriban kilomita 55. Mvua na mteremko huizidisha tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza ilielekezwa kwenye mashine. Amri ya rais ya mwaka 2015 iliyalazimisha mabasi ya abiria na malori kufungwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 60 kwa saa. Fadhila ya chombo hiki ni kwamba hakihitaji hiari ya dereva wala uangalizi wa askari. Taksiri yake ni kwamba huizuia injini tu, wala hakina uwezo juu ya lori lililoishiwa breki na kuvutwa na uzito wake kuelekea ziwani. Fauka ya hayo, kilomita 60 zifaazo njia ya mashambani ni nyingi mno mbele ya soko.

Hatua ya pili ilimwelekea dereva mwenyewe. Mnamo Mei 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyowahimiza watu wafike salama waendako. Kisha zikaenea barabarani kamera za kupima mwendo ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofia. Faini zilipokithiri mwaka 2021, malalamiko ya raia yalimfikia Rais Kagame, naye akakiri hadharani kwamba baadhi ya vikomo vya mwendo vilikuwa vya chini kupita kiasi, akaitaka polisi itafute wastani, na vikomo vikapandishwa mahali kadhaa. Mambo haya yana maana kwa mhandisi: barabara iliyojengwa pana na nyoofu humshawishi dereva akimbie, na kibao kinachomwamrisha kinyume cha umbo la njia huonekana kuwa dhuluma, hata kingekuwa na haki kamili kwa yule aendaye kwa miguu.

Waendesha baiskeli nao waliamrishwa watoke barabarani ifikapo magharibi. Hadhari hiyo ina sababu, maana baiskeli isiyo na taa haionekani gizani; lakini humwondoa dhaifu njiani na kuiacha hatari pale pale, na mwenye gunia lisilouzwa bado hana budi kurudi nyumbani.

Hatua ya tatu, iliyosalia, ni kuibadili barabara yenyewe, nayo ilijaribiwa kwa ufanisi nje ya Rwanda, mjini Dar es Salaam, na shirika la usalama barabarani la Amend, kwa mpango wa SARSAI wa kuzifanya salama barabara za kando ya shule, uliotunukiwa tuzo ya Ross Prize for Cities mwaka 2019. Wataalamu waliuliza kwanza nyumba kwa nyumba ni watoto gani wameumia na wapi, ndipo wakajenga kando ya shule zenye hatari zaidi njia za miguu zilizotengwa kwa nguzo fupi, matuta, na vivuko vyenye alama, na penginepo wakalihamisha lango la shule mbali na barabara kuu. Uchunguzi uliolinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazijaguswa ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa asilimia 26 au zaidi. Vifaa vyenyewe ni saruji, rangi na mawe, ambavyo fundi wa wilaya yoyote anavimudu, na tuta humpunguzia mwendo kila dereva, usiku na mchana, bila kumtoza mtu faini.

Mintarafu ya Rubavu, basi, vidhibiti na kamera vibaki, maadamu vimekwisha kugharimiwa. Lakini fedha itakayofuata itumike kwanza mbele ya shule na masoko, na katika njia iendayo mpakani ambako maelfu huvuka kwa miguu kila siku, ili mchukuzi wa Bugeshi apate ukanda wake mwenyewe, na dereva aingiaye mjini alazimishwe na umbo la barabara kwenda kilomita 30.