Mpasho Uliovuka Bahari

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya mpasho. Ameusikia ukumbini, ameusoma kwenye kanga ya jirani, na pengine siku moja amerejea nyumbani hali akijua kwamba ule ubeti wa pili ulikuwa wake. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine: mpasho uliotungwa kwa Kihispania, ukapewa majukwaa ya dunia, nami nikausikia nikiwa Basotu, wilayani Hanang, katika nchi ya ngano na ng'ombe, ambako bahari ni jambo la kusimuliwa.

Mwenye mpasho ni Shakira, mzaliwa wa Barranquilla, mji wa pwani ya Colombia. Mwezi Juni 2022 yeye na Gerard Piqué, mwanasoka wa Barcelona, walitangaza kuachana. Januari 2023 akatoa, pamoja na mtayarishaji wa muziki kutoka Argentina aitwaye Bizarrap, wimbo wa kumsema bwana huyo. Novemba ya mwaka huohuo wimbo ukatunukiwa Latin Grammy ya wimbo bora wa mwaka. Machi 2024 ikafuata albamu yenye jina *Las Mujeres Ya No Lloran*, yaani Wanawake Hawalii Tena, na tarehe 11 Februari 2025, mjini Rio de Janeiro, ikaanza ziara yenye jina hilohilo, ya kiwanja hadi kiwanja na nchi hadi nchi.

Wapo watakaosema kwamba habari za mwimbaji wa namna hii hazistahili kurasa za washairi. Nawaomba wanivumilie. Ninalolitafuta ni swali linalotuhusu sisi kabla ya kumhusu yeye: Je, mpasho ukitolewa katika mtaa wake na kutembezwa duniani, hubaki mpasho? Au hugeuka kuwa kitu kingine chenye sauti ileile?

Nianze na ustadi, kwa kuwa mtunzi apewe haki yake kwanza. Kihispania nilijifunza peke yangu, kwa kamusi na kitabu cha sarufi nilichokiokota katika rundo la mitumba, na kwa hiyo nasoma polepole, neno baada ya neno. Usomaji wa polepole una faida. Katika wimbo ule niliona kwamba majina ya wahusika hayakutajwa. Yamefichwa ndani ya maneno ya kawaida. Mwimbaji hulikata neno pahala pasipotarajiwa, akaliegemea silabi moja kuliko nyingine, na mara jina la mtu likachomoza katikati ya neno lisilo na hatia. Akishtakiwa, atasema alitamka neno la kamusi. Hilo, wapenzi wa ushairi, ni fumbo halisi.

Nilijaribu kuufasiri na fumbo likanivunjikia mikononi. Maana ilikuja, jina halikuja. Baada ya majuma mawili niliacha kutafsiri maneno nikatafuta namna Mswahili angelifanya jambo lilelile, na hapo nikaona utajiri tulionao. Mswahili hahitaji kulikata neno, kwa kuwa majina yetu mengi ni maneno tayari: Subira, Faraja, Shida, Neema. Mtunzi wetu anaweza kumtaja mtu waziwazi na bado asiwe amemtaja. Nikatunga kwa mazoezi tu:

Nilimtaka Subira, Subira kanikimbia,
Nimebaki na Hasira, chumbani kanivamia.

Asiyejua atasikia mawaidha ya moyo. Anayejua kwamba mtaa wa pili yuko binti aitwaye Subira atacheka, na Subira mwenyewe atajifunika mtandio. Sidai kuwa beti langu ni bora. Nataka tu ionekane kwamba fumbo lina wasikilizaji wa namna mbili, wa nje na wa ndani, na kwamba utamu wake uko katika ile nafasi baina yao.

Hapa ndipo linapoanza shaka langu. Katika ziara ya Shakira hapana msikilizaji wa nje. Magazeti yalikwisha kueleza kila jina limefichwa wapi, nani ni nani, na nani alimfanyia nani nini. Umati unaoujaza uwanja unalijua fumbo kabla halijatoka kinywani, na hulitamka pamoja na mwimbaji kwa sauti moja. Fumbo lililofumbuliwa kwa watu wote ni tangazo. Ni tangazo tamu, lenye mdundo na lenye uchungu wa kweli, lakini kisu kimekwisha kutolewa alani na kila mtu amekishika.

La pili ni vipimo. Mahali panapokumbukwa zaidi katika wimbo ule, mwanamke aliyeachwa na aliyechukua nafasi yake hulinganishwa kwa bidhaa: saa ya thamani na saa rahisi, gari la fahari na gari dogo. Watu walishangilia. Mimi nilisikitika, na sikusikitika kwa ajili ya Colombia pekee. Tangu miaka ya 1990, Dar es Salaam iliposhuhudia ushindani wa TOT na Muungano, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, mpasho wetu nao umezoea kuhesabu dhahabu, nyumba na magari. Sauti za mabibi hao ni za kuheshimiwa, na kipaji chao hakina mjadala. Lakini ugonjwa ni uleule: mwanamke hujitetea kwa kutaja bei yake. Anayejitetea hivyo amekwisha kukubali kwamba yuko sokoni.

Tumkumbuke Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa wafinyanzi; na taarabu, ambayo katika jumba la mfalme iliimbwa kwa Kiarabu, yeye aliiimba kwa Kiswahili cha watu wake. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na kwa hiyo twaweza kusema kwamba naye alikuwa na ziara yake ya ng'ambo. Lakini angalieni mwelekeo wa ziara hiyo. Siti hakwenda Bombay ili Bombay imshangilie. Alikwenda ili sauti irudi nyumbani, iingie mikahawani na majumbani, imsute anayestahili kusutwa pale anapokaa.

Katika nyimbo zake umo ule wa Kijiti. Mwanamume aliyeitwa kwa jina hilo alimuua mwanamke aliyekuja mgeni Unguja, kisha akatoroka akavuka kwenda bara. Mahakama ya zama za Waingereza haikumpata. Wanawake waliokuwa mashahidi ndio waliotiwa hatiani. Siti na wenziwe wakaichukua kesi pale mahakama ilipoiacha, wakaiimba. Hapakuwa na fumbo katika jina, kwa kuwa haja ya wimbo ilikuwa jina lisisahaulike. Wala Siti hakuwa akilipiza lake; alisema kwa ajili ya marehemu asiyeweza kusema, na kwa ajili ya mashahidi walionyamazishwa. Muuaji alinusurika na sheria, lakini mpaka leo tunapotaja jina lake tunataja na kosa lake. Hiyo ndiyo hukumu iliyotolewa na wimbo.

Sasa nirudi Basotu, kwa sababu huku ndiko nilikosahihishwa. Wenyeji wa hapa ni Wadatoga wa tawi la Wabarabaig, ambao watu wa pwani wamezoea kuwaita kwa jina la Wamang'ati wasilolipenda. Pamoja nao wapo Wairaqw, na wapo akina sisi tulioletwa na wazazi wetu zama za mashamba makubwa ya ngano, yale ya NAFCO yaliyosaidiwa na Canada, ambayo yaliwanyima wafugaji malisho yao na kuwapeleka mahakamani. Jioni moja nilikuwa nimeketi na majirani, tukitazama katika simu sehemu ya onyesho la Shakira. Pale alikuwapo bibi mmoja wa Kidatoga, mtu mzima sana, asiyejua Kiswahili ila salamu. Akataka kujua yule mwanamke analia nini.

Basi ikawa kazi ya ukalimani wa mikono mitatu. Mimi nilitoa Kihispania nikakitia katika Kiswahili, na mjukuu wake akakitoa Kiswahili akakitia katika Kidatoga. Nilisema: mwanamke huyu ameachwa na mwanamume aliyezaa naye, akachukuliwa mwingine, naye ametunga wimbo wa kumsema. Bibi akasikiliza kwa makini, wala halikumshangaza hata neno moja. Kisha akauliza, na mjukuu akanigeuzia: "Bibi anasema, faini ilikuwa ng'ombe gani?"

Nilidhani tafsiri imepotea njiani. Haikupotea. Kwa Wadatoga liko baraza la wanawake, lenye nguvu ya kumhukumu mwanamume aliyemkosea mwanamke na kumtoza faini ya ng'ombe. Wanawake hukusanyika pasipo ruhusa ya wanaume, hueleza kosa, na mwenye kosa hana budi kulipa, kwa kuwa laana ya wanawake wote kwa pamoja haichezewi. Kwa bibi yule, mwanamke anapotoa sauti mbele ya watu juu ya kosa la mwanamume, yuko barazani. Na baraza haliishi kwa sauti, huishi kwa hukumu.

Nikamjibu kwamba hapakuwa na ng'ombe. Nikamwambia kwamba wanawake wengi mno wamekuja kumsikiliza, wamejaza uwanja mzima, na wote wanaimba naye. Akafikiri. "Na wanamjua?" Nikasema wanamjua kwa jina na kwa sura. "Wamelala kwake? Wamemshikia mtoto?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa bila dharau, kama mtu anayemhurumia mwenziwe, akaomba apewe chai.

Tangu siku ile nimekuwa nikilipima swali langu kwa kipimo cha bibi. Na kwa haki lazima niseme kwamba taarabu yetu yenyewe hailitoshelezi. Hata hivyo iko karibu zaidi. Ukumbini, mwanamke aliyekosewa hungoja ule ubeti unaomgusa, akainuka akiwa na noti mkononi, akaenda mbele kutunza kwa mwendo wa maringo, huku macho yake yakimtazama mtu mmoja tu katika umati. Kwa tendo hilo wimbo hubadili mwenyewe. Mtungaji aliutunga kwa kisa chake au cha mwingine, lakini dakika ile ni wa yule aliyetunza, na wote waliopo huwa mashahidi. Malipo hutolewa pale maneno yanapouma. Katika uwanja wa ziara ya dunia, malipo yamekwisha kutolewa miezi mingi nyuma, langoni pana karatasi ya kuonyesha, na kisa kinabaki cha mtu mmoja hata kikiimbwa na maelfu.

Je, nasema basi kwamba ziara ile ni ya bure? Hasha. Mwanamke aliyefedheheshwa mbele ya dunia amekataa kujificha. Amelichukua jeraha akalifanya kazi ya sanaa, akasimama wima mbele ya watu. Na ukiyasoma maneno yote matatu ya kisa hiki pamoja, wimbo, albamu na ziara, utaona kwamba yeye mwenyewe alihisi upungufu ninaousema. Wimbo ulikuwa wa "mimi" na "yeye". Jina la ziara ni la "wanawake". Katika safari ya kutoka umoja kwenda wingi iko haja ya kutafuta baraza. Huenda wale wanaoimba naye, kila mmoja akiwa na Piqué wake moyoni, ni baraza lisilo na uwezo wa kutoza faini, lakini ni baraza.

Nitakalomlaumu ni lile jina lenyewe. Wanawake hawalii tena: kwa nini wasilie? Ushairi wetu haukuwahi kuona aibu ya machozi. Waimbaji wetu wa taarabu walilia kwa sauti iliyopangwa, kwa mizani na vina, na kilio hicho kilikuwa na uzito kuliko majigambo. Wanawake wa Kidatoga nao huimba pamoja kumwomba Mungu wao, Aseeta, yanapowafika mazito ya uzazi na mvua, na hakuna anayewaona dhaifu. Mwenye kukatazwa kulia hubakiwa na kujivuna, na kujivuna ndiko kunakotupeleka katika saa na magari.

Kwa watunzi wetu vijana wanaoiona ziara kama ile na kuitamani, nina neno moja. Itamanini, kwani hakuna ubaya katika jukwaa kubwa. Lakini mkiuandika wimbo wa kumsuta mtu, jiulizeni kwanza utasikika wapi utakaporudi: mtaani kwa nani, kwenye mkahawa gani, mbele ya mashahidi gani. Siti alivuka bahari, na wimbo wake ukarudi na hukumu.

Bibi wa Basotu hajaniuliza tena habari za yule mwimbaji. Ila juzi mjukuu wake alipita kwangu akaniambia kwamba siku ile, wakiwa njiani kurudi, bibi alimwuliza kama huko Colombia hakuna wanawake wazee.