Uhuru si Usawa: Kuwasoma Suchon na Astell kwa Kiswahili

Mijadala yetu ya jinsia, inapowagusa wanafalsafa wanawake wa Ulaya ya karne ya 17, huwataja kama watangulizi wa usawa wa kijinsia. Makala haya yanaupinga usomaji huo. Unamfaa Marie de Gournay, ambaye risala yake ya mwaka 1622 inadai usawa waziwazi. Unampotosha Gabrielle Suchon, na zaidi Mary Astell.

Suchon, Mfaransa aliyewahi kuwa mtawa akaiacha nyumba ya utawa, alichapisha mwaka 1693, kwa jina la kubuni, kitabu kikubwa kuhusu mambo matatu wanayonyimwa wanawake: uhuru, elimu na mamlaka. Kiswahili kinatusaidia kumwelewa, kwa kuwa kukosa si kunyimwa. Anayekosa huenda hana wa kumlaumu. Anayenyimwa, yupo aliyemnyima. Mwaka 1700 akaendelea mbele, akatetea maisha ya mwanamke asiyeolewa wala kuingia utawani. Katika maisha hayo usawa ni usawa na nani? Hayupo hata mume wa kulinganishwa naye.

Astell ni mgumu zaidi, na wahakiki hupenda kumlainisha. Alikuwa mtetezi wa ufalme na wa Kanisa la Uingereza, na alishikilia kwamba aliyekubali kuolewa sharti atii. Hata hivyo, katika dibaji ya mwaka 1706 ya kitabu chake kuhusu ndoa, aliwageuzia kibao wanaume waliolaani udikteta wa mfalme huku wakiulinda nyumbani mwao. Anachokidai ni uhuru wa akili, pamoja na haki ya kukataa posa.

Kwa mshauri wa sera, tofauti hii ina uzito. Sera ya usawa huhesabu viti na mishahara, na ni vyema ihesabu. Lakini swali la Suchon, nani anazuia na kwa idhini ya nani, halina safu katika majedwali yetu.

Inabaki istilahi. Neno uhuru limebeba historia ya mtumwa aliyeachwa huru na ya taifa lililoshusha bendera ya mkoloni, na zote mbili zina siku ya kuanzia. Uhuru wa Suchon hauna siku hiyo; mtu huzaliwa nao. Kwa sababu hiyo niliwahi kupendekeza uungwana, kwani mwungwana wa pwani alizaliwa hivyo. Nimeliacha pendekezo hilo. Neno hilo liliwaacha watumwa nje, na leo, akiambiwa mwanamke, humtaka awe na adabu na anyamaze. Ninatumia uhuru, nikiufafanua kila ninapoutumia.