Kadenge na Mpira

Hapa Kisumu, kumsifu mchezaji wa Ingwe, yaani AFC Leopards, kwataka moyo. Mji ni wa K'Ogalo, Gor Mahia. Lakini kaa jioni na wazee wa Gor pale Dunga, ngege bado wako kwenye mafuta, uwaulize nani aliujua mpira kuliko wote. Watataja vijana wao mpaka wachoke, kisha mmoja atakohoa na kusema: Kadenge. Hakuna atakayembishia.

Joe Kadenge alitoka Vihiga, kwenye vilima vya kaskazini ya mji. Aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage, akatamba na Abaluhya, ambayo ndiyo Ingwe ya leo, klabu iliyoundwa 1964, miaka minne kabla ya Gor yenyewe. Mimi nilichelewa kuzaliwa. Namjua kwa masimulizi, na kwa watoto.

Mtazame mtoto huyu wa Nyalenda, peku, mpira wake ni nailoni zilizofungwa kamba. Wengi wakimkabili beki huongeza mbio. Yeye anapunguza. Mpira hauachani na vidole vya mguu. Anashusha bega la kushoto, kidogo tu, beki anaegemea huko. Uzito ukishahamia mguu mmoja, beki hana mguu wa kugeukia. Mtoto anapita upande wa pili, akijitangaza mwenyewe: "Kadenge na mpira!"

Maneno hayo ni ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela wa redio ya Sauti ya Kenya. Mwalimu wangu wa Kiswahili angeyapigia mstari mwekundu: iko wapi "ana"? Lakini ukisema "Kadenge ana mpira" unataja mali, na mali hunyang'anywa. "Kadenge na mpira" ni wawili wanaoandamana, kama mvuvi na kasia lake. Halafu redioni kitenzi ni anasa: ukimaliza sentensi, mtu keshapita.

Alipotundika viatu alifundisha, na mwaka 2002 akakabidhiwa timu ya taifa, Harambee Stars. Hayo nayaheshimu, ila si ya kukalia barazani usiku kucha. Lile bega ndilo la kukalia.

Kadenge alifariki 7 Julai 2019, Mbotela Februari 2025. Ingwe na wabaki na vikombe vyao. Kadenge hatuwaachii peke yao.